Zana za Baba

Birch Creek, Montana
4 Septemba 1994

Dada Arlys,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Clayton na yale magoti yake. Mimi nipo. Ndama tumewashusha kutoka mlimani wiki iliyopita, wako wazuri, wanono kuliko mwenye nyumba.

Nina ombi, usinicheke. Nataka kuunda bunduki. Najua, najua. Mzee wetu aliunda zote za nyumba hii na mimi sijawahi kukaza hata skrubu moja, lakini nimefungua lile kopo lake la grisi kule bandani na mwili wa ile bunduki ya Mauser aliyoiacha bado umo, safi, kama alivyouweka. Mtutu nimeagiza. Ubao wa mti wa jozi aliouficha nyuma ya mapipa ya shayiri nao umekauka vizuri, hauna ufa hata mmoja.

Kilichopungua ni zana, na zana zote alikuachia wewe. Nitahitaji jiliwa lake kubwa la kubania vyuma na zile ngozi za kufunika meno yake, mbao za kubania mtutu, spana nzito ya kukazia mwili wa bunduki, ile spana nyingine yenye mshale unaoonyesha umekaza kiasi gani, nyundo ya shaba na pini zake, na vile vipimo viwili vya chuma vilivyokuwa kwenye mkebe wa tumbaku, cha ndiyo na cha hapana. Kama kuna kitu nimesahau, wewe unajua kuliko mimi. Ni wewe uliyekuwa unamshikia taa.

Jambo jingine dogo. Kunja mkono wako wa kulia, umwambie Clayton apime kutoka kwenye kikunjo cha kiwiko mpaka kidole cha shahada, pale kinapopinda. Uniandikie. Usiulize kwa nini.

Simu niliyoikata sijairudisha. Tangu nimzike Bettina nikawa mjane, nimechoka na sauti za watu wanaonihurumia. Andika.

Ndugu yako,
Verlin


Spokane, Washington
12 Septemba 1994

Mdogo wangu Verlin,

Barua yako imefika na nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nikiwa nimekaa. Nashukuru ndama ni wazima. Hukusema wewe unakula nini. Lile bakuli la viazi na jibini nililokuachia kwenye jokofu mwezi wa tatu, niambie ulilitupa.

Kuhusu zana. Jiliwa ni zito mno, Clayton hawezi kulibeba mpaka posta na magoti hayo unayoyajua. Tutatafuta njia. Kwa sasa nimekutumia zile ngozi za meno yake, ziko ndani ya kifurushi hiki pamoja na soksi za sufu na jemu.

Sasa na mimi niulize. Bunduki zako tano ziko kwa Orrin Maki. Ulizipeleka mwenyewe mwezi wa nne, ukazilaza kwenye kabati lake, na Orrin hakukuuliza kitu, kama majirani wa huko walivyofanyiana siku zote mtu akiingia gizani. Nilimshukuru Mungu siku ile kwamba ulikuwa na akili ya kuzitoa nyumbani. Sasa kama unataka kuwinda msimu huu, si uende ukamwambie Orrin nipe moja? Kwa nini uunde mpya?

Sikufokei. Nauliza tu. Theluji imeanza huko juu? Hapa asubuhi tunaona pumzi zetu.

Dada yako,
Arlys


Birch Creek
20 Septemba 1994

Dada,

Umenitumia ngozi za meno bila meno yenyewe. Nimezivalisha kwenye meza ya kazi, nikazitazama, zikanitazama. Asante kwa soksi. Jemu imekwisha.

Nakula. Mayai, nyama, kahawa. Bakuli lako nililitupa, mbwa alilikataa.

Za Orrin sizitaki bado. Zikae huko huko. Hii ni kitu kingine. Mikono yangu imekaa bure tangu mwezi wa tatu, Arlys. Miezi yote ile ya hospitali nilikuwa na kazi: kumgeuza Bettina kitandani, kumnywesha, kuendesha gari mpaka Great Falls na kurudi. Halafu siku moja sina kazi. Mchana ninamaliza mifugo, jioni naingia nyumbani na mikono hii haijui iende wapi. Sasa inaujua ule ubao. Nimeanza kukata kitako cha bunduki kwa msumeno wa mzee na kusawazisha kwa randa. Harufu ya jozi inajaza banda zima.

Jiliwa, tafadhali. Mtutu umeshafika. Na urefu wa mkono wako, hukuniandikia. Kiwiko mpaka kidole. Ni kazi ya nusu dakika.

Theluji bado.

Verlin


Spokane
1 Oktoba 1994

Bwana Orrin Maki,

Samahani kukusumbua na karatasi badala ya simu, lakini mkeo Helmi akipokea simu Birch Creek nzima inajua kabla ya chakula cha mchana, na hili sitaki lijulikane.

Verlin anaunda bunduki nyumbani. Anataka zana za baba yetu. Nimemuuliza kwa nini asichukue moja katika zile tano zilizo kwako, anasema hizo za kwako hazitaki "bado" na kwamba hii ni "kitu kingine". Nimekaa na neno hilo wiki nzima na linaniuma. Mtu anaweka bunduki zake mbali na nafsi yake kwa hiari, halafu anaunda nyingine kimya kimya ambayo hakuna jirani anayejua aje kuichukua. Wewe ungefikiri nini?

Tena ananiuliza mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Mkono wangu una urefu gani. Mara mbili sasa.

Nakuomba unapopita barabarani utazame sanduku lake la barua. Kibendera chekundu kikiwa juu kumwita mtu wa posta, nitajua ameandika, basi ni mzima. Na ukipata kisingizio, ingia.

Wako kwa heshima,
Arlys Hedlund


Birch Creek
7 Oktoba

Dada Arlys,

Mimi si mwandishi. Nimekwenda nikasema nimepotewa na jike la ng'ombe. Amenipa kahawa. Amekonda, lakini kanyoa ndevu. Nyumba ni safi kuliko yangu, usimwambie Helmi.

Tumeingia bandani. Mwili wa ile Mauser unang'aa. Ila nikwambie kitu ambacho sikukipenda. Kitako anakikata kifupi. Kifupi mno. Nilimwona akikiweka begani na pua ikagonga kidole gumba. Nikamwambia Verlin, we vipi, umekuwa kipofu, huo ubao wa marehemu baba yako unauharibu. Akacheka kidogo akasema, wacha, Orrin. Akaendelea na randa.

Mtu aliyekulia na bunduki mikononi hakosei urefu wa kitako. Mikono inafanya, lakini sijui akili iko wapi. Mwenyewe nilirudi nyumbani nikaangalia kufuli ya kabati langu mara ya pili.

Kibendera nitatazama.

O. Maki


Spokane
13 Oktoba 1994

Mdogo wangu,

Nimetuma jiliwa. Clayton alilisukuma kwa kigari cha bustani mpaka posta na yule kijana wa dirishani alitaka kujua kama tunamtumia mtu nanga. Nimetuma pia mbao za kubania na spana nzito. Spana ya mshale itafuata, nimeifunga peke yake. Nyundo ya shaba na pini nazo nimezifunga peke yazo. Utaona vifurushi vinakuja kimoja kimoja, ndivyo nilivyoamua, usinilaumu. Kila kimoja kikifika uniandikie kwamba kimefika. Hata mstari mmoja.

Vipimo, nimekutumia kile cha ndiyo. Cha hapana nimekishika. Unajua kama ninavyojua kwamba kimoja bila mwenzake si kitu: bolti, lile komeo la kufungia risasi, inatakiwa ifunge juu ya kile cha ndiyo, na ikatae kufunga juu ya cha hapana, na isipokataa bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Mzee hakuwahi kufyatua risasi hata moja kabla ya kusikia ile bolti ikikataa. Alikuwa ananiambia, Arlys, nyamaza, sikiliza. Kwa hiyo usiifyatue. Nitakileta mwenyewe, kwa mkono wangu.

Verlin, Orrin anasema kitako unakikata kifupi. Mbona hivyo? Ulikuwa unaweza kukisia kitako kwa jicho tangu una miaka kumi na nne. Unalala? Unamwona mtu yeyote zaidi ya ng'ombe?

Nakuogopea. Nimeandika neno lenyewe sasa, siwezi kulizunguka zaidi. Nakuogopea, naogopa kila nikisikia gari la posta. Kama bunduki hii ni ya kitu kile ambacho ulizitoa zile nyingine kwa ajili yake, niambie. Sitapiga kelele. Nitakuja tu nikae jikoni kwako.

Dada yako anayekupenda,
Arlys


Spokane
24 Oktoba 1994

Verlin,

Jiliwa limefika? Posta wanasema limefika. Wewe husemi.

Nyundo na pini nilizituma wiki iliyopita, leo nimetuma spana ya mshale. Niandikie.

Arlys


Spokane
31 Oktoba 1994

Verlin, mdogo wangu,

Nimempigia Orrin simu, Helmi na asikie. Anasema tangu tarehe kumi na nane kibendera hakijapanda. Anasema moshi unatoka kwenye bomba la jiko, lakini mlango haukufunguliwa alipogonga, na mbwa alibweka ndani.

Nimetaka kuja leo. Clayton amefunga minyororo kwenye magurudumu, tumefika mpaka chini ya mlima, polisi wa barabara wakaturudisha. Njia imefungwa kwa theluji, barua tu ndizo zinazunguka kwa treni ya mizigo. Nikamwomba yule polisi anipitishe mimi peke yangu kwa miguu, akanitazama kama mwendawazimu, na labda nilikuwa.

Kama nimekukosea kwa kusema nilichosema, basi nimekukosea, nikasirikie. Kasirika kwa maandishi. Nitukane. Uliponitukana nikiwa na miaka kumi na tatu, kwa sababu niliangusha taa kwenye mafuta ya kitani, ulinitukana ukurasa mzima ukaupachika mlangoni. Nipe ukurasa mmoja kama ule.

Mpaka Jumamosi nisipopata kitu nampigia sherifu. Sitaki kukutumia gari la sherifu uani kwako, nafahamu litakuwa na maana gani kwa watu wa huko. Lakini nitafanya.

Arlys


Birch Creek
3 Novemba 1994

Dada,

Sherifu ameshafika. Siyo kwako tu unakotoka wasiwasi, Helmi naye alipiga simu, ndivyo Helmi alivyo. Alikuja naibu wake, yule kijana wa akina Bruun, akavua kofia mlangoni, akala pai nusu, akaondoka. Kwa hiyo usipige.

Unataka ukurasa wa matusi, haya.

Nimekasirika, Arlys. Nimekasirika tangu siku niliyosoma kwenye barua yako kwamba Orrin anakupasha habari zangu. Kwa hiyo lile jike lililopotea halikuwepo! Nilitembea naye korongo zima nikitafuta ng'ombe wa uongo, buti zangu zikaingia maji, na Orrin, yule Mfini mwongo, akatembea mbele yangu akiita "Njoo mama, njoo mama". Nikasema sawa, basi wote mnanitazama kama farasi mgonjwa. Ndipo nikashusha kibendera, na alipogonga nikakaa kimya. Ulikuwa utoto. Sikujua kuhusu mlima na minyororo. Hilo nimelisoma jana na nimeona haya.

Sasa sikiliza, maana nilitaka iwe kitu cha kushtukiza na mmenipokonya.

Nimekuuliza urefu wa mkono wako. Mara mbili. Unanijibu bakuli, unanijibu theluji, unanijibu nalala saa ngapi. Kitako ni kifupi kwangu kwa sababu si changu. Ni chako. Nimekikisia kwa lile koti lako la kijani lililobaki nyuma ya mlango wa jikoni tangu uolewe, nimelilaza mkono juu ya ubao. Nimeacha nyama kidogo ya kupunguza, nikisubiri uniambie. Hukuniambia.

Ni Bettina. Mwezi wa pili, siku moja nzuri aliyokuwa nayo, tulikuwa tunazungumza habari za mzee na banda lake. Akasema, hivi Arlys ndiye alishika taa kila bunduki ya nyumba ile ikiundwa, nyie wavulana watatu mkapewa moja moja, yeye akapewa nini? Nikasema alipewa zana. Akanitazama. Unajua alivyokuwa anatazama. Akasema, Verlin, alipewa kazi. Halafu akasema nikuundie yako. Nikamwahidi bila kufikiri, kama unavyomwahidi mtu aliye kitandani, na baada ya kumzika ile ahadi ikawa ndicho kitu pekee ambacho kilikuwa bado kinanidai niamke.

Sitakudanganya juu ya mwezi wa nne. Niliyafikiria hayo unayoyaogopa. Nilikaa kitandani upande wake na niliyafikiria vizuri sana, kwa utulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha nikapakia zote tano kwenye gari nikaenda kwa Orrin kabla sijavaa buti sawasawa. Ulikuwa na haki ya kuogopa. Hukuogopa kitu ambacho hakipo. Ulikosea bunduki tu.

Na bado zipo asubuhi ambazo sijiamini. Si nyingi. Kila Jumatano nakwenda kanisani, kwenye chumba cha chini, tunakaa wajane watatu na mchungaji na kahawa mbaya kuliko zote za kaunti hii, na tunasema. Ni mara ya kwanza naandika hili, usilisome kwa sauti mbele ya Clayton. Au soma.

Jiliwa limefika. Mbao zimefika. Spana zote mbili, nyundo, pini. Nilidhani umekuwa bahili wa stempu mpaka nilipohesabu kwamba kila siku chache nilikuwa nashuka mpaka barabarani kuangalia kama kuna kitu. Ulikuwa unanishusha barabarani, eh? Mwerevu wewe.

Mtutu umekaa. Nilikaza kama mzee alivyokuwa anakaza, kwa uzito wa mwili na bila hasira. Bolti imefunga juu ya kile cha ndiyo, laini kama mlango wa kanisa. Nimesimama hapo. Zaidi ya hapo sijagusa, na risasi hamna ndani ya nyumba hii.

Ndani ya kifurushi hiki utaona kitambaa cha flaneli, ndani ya flaneli kuna bolti. Bila hiyo, kilicho mezani kwangu ni ubao na bomba. Ishike wewe. Nakutumia kwa sababu ni yako, na kwa sababu ya zile asubuhi nilizosema. Njia ikifunguliwa uje nayo, na cha hapana.

Na mkono wako una urefu gani, mwanamke?

Verlin


Spokane
8 Novemba 1994

Verlin,

Inchi kumi na tatu kasoro unywele. Clayton amepima jikoni mara tatu.

Nilimwona mzee akikupima hivyo. Nilimwona akiwapima ndugu zetu, Harlan, na Dwight akiwa hata hajafikia kimo cha meza. Kiwiko mpaka kidole, kisha anachora alama kwenye ubao kwa penseli, na mimi nimeinua taa juu ili kivuli chake kisiangukie ule mstari. Mara tatu nimeangazia kipimo kile kile. Halafu wewe unaniandikia maneno hayo hayo, naona ni mtu aliyechanganyikiwa anauliza upuuzi. Nimekaa siku mbili nikijiuliza imekuwaje, na jibu ni kwamba hakuna aliyewahi kunipima mimi. Sikuujua mkono wangu ndani ya maneno hayo.

Nimelia, ndiyo. Clayton alidhani umekufa. Nikamwonyesha bolti, akaenda kunitengenezea chai ambayo sikuiomba.

Bolti iko kwenye droo ya vijiko. Kila nikichukua kijiko naiona, inanitia hofu na inanifurahisha, vyote kwa wakati mmoja. Zile asubuhi zikija, usizingoje ziishe peke yako. Nenda kwa Orrin unipigie simu, hata kama utanyamaza tu upande wa pili, hata Helmi akiwa amebandika sikio. Rudisha simu, Verlin. Nitaongea habari za ng'ombe. Sitakuhurumia hata kidogo, nitakusema kuhusu nywele zako.

Redio inasema wanafungua njia Ijumaa. Tutakuwa nyuma ya gari la kusukuma theluji. Naleta bolti, naleta cha hapana, naleta lefse, mikate yetu ya viazi, na usiichore ile alama ya penseli mpaka nifike.

Huwezi kukata mstari ule bila mtu wa kukushikia taa.

Arlys